Trola za kamba Ghuba ya Ungwana: zisogezwe, zipunguzwe au zifungwe kabisa?

Mleta mada (Malindi)

Wadau, asalaam aleikum na habari za saa hizi. Mada hii kila ikiguswa barazani inaishia kwa kelele, mmoja anapiga meza na mwingine anaondoka na kahawa yake. Nimeona tuiandike, angalau kila mtu amalize sentensi yake.

Kwa msioijua, Ungwana ni ule mkunjo wa pwani ya Kenya unaoanzia Malindi na kupanda hadi Kipini. Mto Sabaki unaingia upande huu, Tana upande ule. Maji ni ya kahawia, chini ni tope na mchanga laini, na kwa sababu hiyo kamba wapo. Kamba mzazi hutaga baharini, vitoto vinaingia kwenye mikoko na midomo ya mito, vinakua, halafu vinatoka nje. Wakitoka ndipo wanapokutana na nyavu, zetu au za trola, zile meli za kukokota nyavu chini.

Trola zimevua hapa tangu miaka ya 1970. Sheria ya zamani ilizitaka zikae nje ya maili tano za bahari, yaani kilomita tisa na ushei. Zikawa zinaingia ndani, ugomvi ukapanda, na mwaka 2006 serikali ikazisimamisha. Ukaja mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba wa mwaka 2010, mpaka ukashushwa kuwa maili tatu, msimu ukafungwa Novemba hadi Machi, na kifaa cha kuokolea kasa kikawa lazima. Mwaka 2011 zikarudi, safari hii chache.

Sasa swali. Watu wengi wanaojiona wa kati na kati husema, "Zisifungwe, zisogezwe tu nje." Naona hapo tunadanganyana. Kamba wa Ungwana hawakai maili saba. Wako maji mafupi, karibu na mito. Nahodha aliyeheshimu maili tano alirudi bandarini na barafu yake nzima, ndiyo maana karibu hakuna aliyeiheshimu. Kwa hiyo anayesema zisogezwe nje amezifunga bila kutamka. Na anayesema zibaki maili tatu amezipa ukanda uleule ambao watu wa Ngomeni, Fundisa na Kipini wanatega jarife zao, nyavu za kutegwa usiku. Ukanda ni mmoja na haugawiki. Mimi msimamo wangu ni huu: tuseme waziwazi kwamba uvuvi wa kukokota chini ufungwe kwenye ghuba hii, kamba wavuliwe na wavuvi wadogo, na tuache kujificha nyuma ya idadi ya maili.

Karibuni. Matusi hapana.

Mzaliwa wa Kipini

Mleta mada umesema kwa adabu sana. Mimi niseme ninavyojua. Jarife unalitega jioni, unalala, alfajiri unakwenda kulitoa. Unafika unakuta boya moja linaelea peke yake, na ugwe uliokatika kama uliopigwa panga. Nyavu zenyewe hazipo. Unazunguka na mashua mpaka mafuta yanaanza kukutisha, unapata kipande kimekunjamana na tope na matawi. Hizo nyavu ni za tajiri. Deni linabaki kwako, si kwa meli.

Ukienda kulalamika unaulizwa: uliiona meli? Jina lake? Namba? Kaka, mimi nilikuwa nimelala kwangu.

Wataalamu wanazungumza uharibifu wa sakafu ya bahari. Sawa, wazungumze. Lakini mimi sakafu sijaiona. Nimeona deni.

Baharia mstaafu

Nimesoma yote. Nilifanya kazi kwenye trola ujanani, meli gani sisemi, na sitaki watu wapewe picha ya uongo.

Nyavu ya trola ina milango miwili mizito, mbao na chuma, mmoja kila upande. Ukiizamisha na meli ikienda, maji yanaisukuma mbalimbali na mdomo wa nyavu unafunguka. Mbele ya ugwe wa chini kuna mnyororo. Kazi yake ni kukwaruza tope ili kamba aliyejifukia ashtuke aruke juu. Akiruka tu yuko ndani. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa haraka, mafundo matatu hivi. Unakokota saa mbili, tatu, kisha winchi inavuta, mfuko unapanda juu ya sitaha ukining'inia na kuchuruzika tope, mtu anavuta fundo la chini na kila kitu kinamwagika. Hapo mnakaa chini na kutenga: kamba wakubwa, wa kati, wadogo, samaki wa kuuza, na vinavyobaki.

Nasema haya kwa sababu nasikia watu wanadai trola inasaga matumbawe. Haisagi hapa. Hakuna nahodha mwenye akili anayepeleka nyavu kwenye mwamba, mwamba unazirarua na hasara ni yake. Tulikuwa tunajua njia zetu za tope na tulizirudia zilezile. Na tope la Sabaki linavurugwa na mto wenyewe kila masika. Mvua ya Aprili inaporomosha udongo kutoka bara, maji yanakuwa mekundu hadi mbali. Unaniambia mnyororo wangu ndio umechafua bahari?

Kuhusu nyavu za watu, sikatai. Ilitokea. Lakini jarife nyingine zinategwa bila alama ya maana, usiku huoni kitu.

Msomaji wa Kilifi

Piga marufuku trola zote. Bahari yote. Kwisha.

Mleta mada

Ndugu wa Kilifi, hiyo ni kauli, mjadala bado.

Mzee Baharia, nashukuru kwa kusema kilichomo mfukoni. Hoja yako ya tope ina uzito na nitaipa haki yake. Kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio mengi ya kukokota nyavu chini. Nyavu za milango kama yako zilionekana kuingia sakafuni kwa wastani wa sentimita 2.4 na kuondoa asilimia 6 ya viumbe wa chini kila zinapopita. Zile dreji za pampu, zinazochimbua chaza kwa maji ya nguvu, ziliingia sentimita 16 na kuondoa asilimia 41. Kwa hiyo ni kweli, trola ya kamba si chombo kibaya kuliko vyote.

Lakini hiyo asilimia 6 ni ya kupita mara moja. Wewe mwenyewe umesema mlirudia njia zilezile. Utafiti huohuo ulikuta kwamba sakafu huchukua kuanzia karibu miaka miwili hadi zaidi ya miaka sita kurudi karibu na ilivyokuwa. Njia inayopitwa msimu baada ya msimu hairudi, inabaki na minyoo na viumbe wa maisha mafupi wanaoweza kuhimili. Pia majaribio mengi katika utafiti ule ni ya bahari za baridi, za Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa hiyo mtu asichukue takwimu hizo na kuzibandika Ungwana kama zilivyo. Mimi nazitumia kujua mwelekeo tu.

Na hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu wa mazingira: kwenye ghuba yetu sakafu si hoja yangu ya kwanza. Ingekuwa majani ya bahari au matumbawe, ningeanza nayo. Hoja yangu ya kwanza ni hivyo "vinavyobaki" ulivyovitaja mwisho, mzee, ukavipita haraka.

Mama Karanga wa Mambrui

Hivyo vinavyobaki naomba mimi nivisemee.

Mimi nakaanga samaki nauza. Kamba sikaangi, kamba ni wa hoteli na wa kupelekwa nje, bei yake sina. Mimi nataka chaa, fumi, taa mdogo, samaki wa beseni. Mama mwenye watoto watano anakuja na shilingi zake anataka vipande vitano. Sasa hao chaa na fumi ndio wanaonaswa na trola wakitafuta kamba. Wakubwa wanauzwa, wadogo wanatupwa wamekufa. Kwa hiyo msiseme trola inavua kamba. Inavua kitoweo changu na kamba wakiwemo.

Lakini nitasema na la upande wa pili, wavuvi mtanisamehe. Zamani samaki wa trola walipokuwa wakiletwa sokoni, bei ilishuka, na sisi wa beseni tulinunua. Wavuvi walinuna kwa sababu samaki wao hawakupata mnunuzi. Mimi siku hizo nilipata faida. Trola zikiondoka na mvuvi akapandisha bei, mama wa watoto watano anakula nini? Mnajadili kama vile bahari ina wavuvi peke yao. Anayenunua hamjamtaja hata mara moja.

Mleta mada

Mama, hilo la bei ni kweli na halina jibu la rahisi. Ila kitu kimoja: watafiti waliopitia takwimu za uvuvi hapa kuanzia 2001 hadi 2008 waliona samaki wa wavuvi wadogo wakipungua kabla ya 2006, kisha wakapanda tena ndani ya miaka miwili trola ziliposimama. Samaki wakiongezeka kwenye jarife, na beseni linapata. Bei ya chini inayotokana na samaki wachanga tunailipa mbele.

Kwa anayedhani hii ni shida yetu peke yetu: shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2005 kwamba trola za kamba za nchi za joto hutupa asilimia 62 ya wanachovua. Na kelele hizi ni za kale. Mwaka 1376 watu wa Uingereza walimpelekea mfalme wao malalamiko kuhusu nyavu mpya ya kukokota iliyokuwa ikiharibu mimea ya chini ya maji na kukusanya visamaki vingi hadi wavuvi wakawa wanalishia nguruwe. Karne sita na nusu, na hoja ni ileile.

Kijana wa Ngomeni

Nina swali moja tu na sitaki lipitwe. Juya je?

Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001. Nani ameacha? Watu wanavuta juya kutoka ufukweni, macho madogo, linakwangua majani ya bahari na kubeba vitoto vya kila samaki. Hilo nalo ni kukokota chini, tofauti ni kwamba injini ni vijana kumi na wawili. Mbona mvuvi mdogo akiharibu ni "riziki" na tajiri akiharibu ni "uharibifu"? Kama tunafunga kwa sababu ya vitoto vya samaki, tufunge vyote. Kama tunafunga kwa sababu ya wivu, tuseme ni wivu.

Mzaliwa wa Kipini

Kijana, juya la vijana kumi na wawili linalisha nyumba kumi na mbili. Usilinganishe.

Kijana wa Ngomeni

Samaki mchanga haulizi ameuliwa kwa ajili ya nyumba ngapi.

Mleta mada

Kijana ana haki. Nikitaka sheria imbane mwenye meli, sina uso wa kuitaka ilegee kwa jirani yangu. Nani wa kulitetea juya la macho madogo? Tofauti ninayoiona ni moja tu, nayo ni ya kiasi: juya linafika linapofikia mguu wa mtu na urefu wa ugwe. Trola inafika popote penye tope, siku nzima, na haichoki. Lakini BMU zetu, vile vikundi vya kusimamia fukwe, zinazofumba macho kwa juya zinawapa wenye meli jibu la bure kila mkutano.

Mtu wa Rufiji

Habari za Kenya. Naandika kutoka upande wa Tanzania, delta ya Rufiji. Mnayozungumza tumeyapitia. Kwetu meli za kamba zilikuwa zinagawiwa kanda, upande wa Bagamoyo na upande wa Rufiji, zinazunguka kwa zamu. Kamba wakazidi kupungua, na mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha meli.

Naomba msitarajie muujiza. Meli zilipoondoka, kamba hawakubaki bila mwenyewe. Watu wakajaa. Kwenye vijito vya mikoko utakuta nyavu za macho ya sindano, wengine wanavua kwa vyandarua vya mbu. Hapo kamba anakamatwa hajafika hata baharini. Mkizifunga trola bila kulinda mikoko na vijito, mtakuwa mmehamisha mahali pa kumwulia kamba, kutoka nje kuja ndani.

Sisemi msifunge. Nasema siku ya kufunga ndiyo siku kazi inaanza, na hakuna anayekuja na kamera siku hiyo.

Mhandisi wa maji

Mtanisamehe, ila wote mnagombania mkia na kichwa kipo juu mtoni. Kamba wa ghuba ni watoto wa mto. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, na juu ya Tana kuna mabwawa matano yaliyopangana. Kule Msumbiji, mwaka 1992, ilionyeshwa kwamba kiasi cha kamba wanaovuliwa kwenye Benki ya Sofala, maji mafupi ya pwani yao, kinakwenda sambamba na maji ya Zambezi, na bwawa la Cahora Bassa limeyabadilisha maji hayo. Maji yakibanwa msimu wa mafuriko, kamba wanapungua, trola iwepo isiwepo. Sabaki nayo ina tatizo la kinyume, inaleta udongo kupita kiasi kwa sababu ya mmomonyoko wa bara. Zungumzeni mito.

Mleta mada

Mhandisi, mto ni hoja kubwa na ungeanzisha mada yake ningekuwa wa kwanza kuchangia. Lakini angalia inavyotumika. Kila mwenye chombo kinacholalamikiwa hukimbilia kwa sababu nyingine iliyo kubwa kuliko yeye, na iliyo mbali. Bwawa la Masinga haliwezi kuondolewa mwaka huu. Leseni ya meli inaweza kutolewa au kunyimwa kila mwaka kwa sahihi moja. Kama kamba wamepungua kwa sababu ya mto, basi ndiyo sababu zaidi ya kuwavua kwa uangalifu.

Na mtu ameniandikia pembeni akitaka nitaje kaboni, kwamba kukokota nyavu chini kunatoa hewa ukaa kama ndege zote za dunia. Hilo lilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2021, na mwaka 2023 wanasayansi wengine wakaupinga kwenye jarida lilelile wakisema makadirio yamezidi mno. Wataalamu bado wanavutana. Sitaki tuegemeze ghuba yetu kwenye nguzo inayotikisika, tunazo sababu zetu za karibu.

Baharia mstaafu

Nimekaa kimya kusikiliza. Mama Karanga amenigusa, siwezi kumjibu.

Ila mleta mada, maliza hesabu yako. Ukifunga, mabaharia wanakwenda wapi? Si wote ni wageni. Na Hong Kong walipofunga uvuvi wa kukokota mwisho wa mwaka 2012, wenye vyombo walilipwa kuondoka. Nani atalipa hapa? Indonesia walipiga trola marufuku mwaka 1980 baada ya vyombo kuchomwa moto na watu kufa, na miaka thelathini na mitano baadaye serikali ilikuwa bado inapambana na nyavu za kukokota zilizorudi kwa jina lingine. Marufuku bila pesa na bila doria ni tangazo.

Na kasa, kwa kuwa hamjamtaja vizuri: kile kifaa kinafanya kazi. Ni fremu ya vyuma iliyosimamishwa mshazari ndani ya nyavu, nafasi ya kama sentimita kumi kati ya nondo na nondo. Kamba anapita, kasa anagonga anatokea tundu la juu. Kasa anapumua hewa kama mimi na wewe, ukimkokota saa mbili amekufa. Marekani tangu 1989 ina sheria ya kukataa kamba waliovuliwa bila hicho kifaa. Kwa hiyo chombo kinaweza kurekebishwa. Si lazima kiuawe.

Mleta mada

Mzee, kifaa kinamwokoa kasa. Chaa wa Mama Karanga ni mdogo kama kamba, anapita palepale anapopita kamba. Hapo ndipo marekebisho yanapofika mwisho.

Kuhusu pesa, nakubali kabisa: meli chache zilizobaki zilipwe zitoke, na mabaharia wa hapa wapewe nafasi ya kwanza kwenye vyombo vya kuvua jodari nje kabisa, ambako hakuna anayetega jarife. Si rahisi, najua, ila ni bei ndogo kuliko kuendesha doria ya milele juu ya mpaka ambao samaki mwenyewe hautambui.

Na mpaka siku hiyo, kuna kitu kimoja kinachowezekana bila kusubiri Nairobi kubadili sheria. Meli hizi hufuatiliwa kwa satelaiti. Njia zake zipo kwenye kompyuta ya serikali. Naomba zichapishwe kila mwezi, zibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya BMU kutoka Malindi hadi Kipini. Mzaliwa wa Kipini akipoteza nyavu, asiulizwe aliiona meli gani. Akasome ukutani.

Baharia mstaafu

Hilo nakubali, na nahodha mkweli hataogopa. Lakini na nyinyi jarife ziwekwe bendera na taa, ili anayepita usiku asiwe na kisingizio.

Mzaliwa wa Kipini

Bendera tutaweka hata kesho. Taa ni ya betri, na betri inakwenda na mwizi kabla meli haijafika. Nani ananunua?

Mama Karanga wa Mambrui

Anunue aliyekula kamba.